Stempu za zamani za Mjerumani: jinsi ya kuzitambua na kujua bei yake (tafadhali usizibandue kwenye bahasha)

MtunzaBahasha

Wakuu salaam. Kila baada ya muda naona mtu anarusha picha ya stempu ya Mjerumani kwenye magrupu anauliza hii inauzwaje, na majibu anayopata ni ya aina mbili tu, wapo wanaomwambia ameukata ana mamilioni mkononi, na wapo wanaomwambia takataka hiyo tupa. Yote mawili yanaharibu. Wa kwanza anazunguka mji mzima kutafuta tajiri wa kununua kitu cha senti kumi za euro, wa pili anatupa postikadi yenye muhuri wa WILHELMSTHAL ambayo kwenye mnada wa Ujerumani watu wangeigombania. Mimi stempu hizi nazipenda kutoka moyoni, nakusanya za Ujerumani yenyewe na hasa hasa za huku kwetu enzi za Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Mjerumani), kwaiyo nimefungua uzi tuelekezane, mwenye swali aulize mwenye picha aweke.

Kwanza kabisa umri haupandishi bei. Stempu ya kichwa cha Hitler ya 1941 ndo inaongoza kwa kuulizwa, watu wanaona jina kubwa wanadhani ni hazina, kumbe zile za thamani ndogo zilichapwa kwa mamilioni na mpaka leo zinauzwa kwa mafungu, moja moja ni senti tu. Zile za 1923 zenye masifuri mpaka milliarden 50 (yaani bilioni 50) hivohivo, mpya kabisa na gundi yake haifiki bei ya pipi.

Pili, soma maandishi kabla hujatazama picha. Ukiona kreuzer au groschen au silbergroschen basi ni kabla ya 1875, maana kuanzia hapo Ujerumani yote ilikwenda na pfennig, kwa kifupi pf (isipokuwa Bavaria nao waliochelewa kidogo kubadili). DEUTSCHE REICHS-POST ni miaka ya 1870 na 1880. REICHSPOST peke yake ni 1889 mpaka 1902 hivi. DEUTSCHES REICH ni 1902 mpaka 1943, halafu GROSSDEUTSCHES REICH mpaka 1945. DEUTSCHE BUNDESPOST ni Ujerumani Magharibi kuanzia 1950, DDR ni Mashariki. Hiyo tu inakutoa gizani kwa stempu tisa katika kumi.

Tatu, na hili ndo hasa lililonifanya niandike: kwa stempu za Mjerumani za huku kwetu, mara nyingi MUHURI na BAHASHA ndo vyenye thamani, stempu yenyewe ni ya kawaida. Stempu ya meli ya heller 4 (heller ni senti za rupia ya Mjerumani) ya kijani ukiibandua ukaisafisha vizuri ni euro moja mbili. Hiyohiyo ikiwa imekaa juu ya postikadi yake, muhuri unasomeka, tarehe inasomeka, ni makumi ya euro kama ni posta kubwa kama Daressalam au Tanga, na ikiwa ni posta ndogo ya bara unaweza kuingia kwenye mamia. Kwaiyo jamani usibandue, usikate kona ya bahasha, usisafishe.

Mnyalu_77

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Swali, nina stempu mbili zote zina mwanamke kavaa taji na kifuani ana vazi kama la vita, nyekundu pf 10, moja imeandikwa REICHSPOST nyingine DEUTSCHES REICH. Ni kitu kimoja au?

MtunzaBahasha

Huyo anaitwa Germania mkuu, ni taswira ya nchi ya Ujerumani kama mwanamke, aliyesimama kama mfano wakati wa kuchorwa ni mwigizaji Anna Führing na mchoraji ni Paul Waldraff. Ilianza 1900 ikiwa na REICHSPOST, 1902 wakabadili maandishi ikawa DEUTSCHES REICH, na sura hiyo ikaendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 1920 wakati wa ule mfumuko wa bei. Sasa hapo kwenye DEUTSCHES REICH ndo pana mtego, za 1902 karatasi yake haina alama ya maji, za kuanzia 1905 inayo, ni vimraba vilivyokaa upandeupande vimejaa karatasi nzima. Kwa pf 10 nyekundu tofauti ya bei haitakutajirisha, zote ni za kawaida sana, ila uzoee kuitafuta hiyo alama kwa sababu kwenye stempu nyingine ndo inaamua kila kitu.

Namna ya kuiona: chukua kisahani cheusi au kigae cheusi kisicho na nakshi, ilaze stempu kifudifudi, dondoshea tone moja mbili za benzini safi, ile ya kujazia viberiti vya chuma vya utambi. Karatasi inakuwa kama imeloa, na palipo na alama panakuwa peusi zaidi kuliko pengine, unaviona vimraba vimejipanga kama wavu. Baada ya muda mfupi inakauka yenyewe na gundi haiguswi. Usitumie petroli ya gari, ina rangi na mafuta inaacha doa, na usitumie mafuta ya taa. Fungua dirisha na moto uwe mbali.

BintiPangani

Kaka mtunza bahasha nimeshtuka kusoma hapo juu, marehemu bibi aliacha sanduku lina postikadi za zamani, moja ina stempu ya meli ya kijani imeandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKA na 4 HELLER na juu yake kuna muhuri wa duara, mimi nilishatenga bakuli la maji ya uvuguvugu niiloweke itoke, kuna kijana aliniambia stempu lazima ziwe peke yake ndo zinanunuliwa

MtunzaBahasha

Dada yangu mwaga hayo maji kabisa. Huyo kijana anajua stempu za kujaza albamu, hajui barua. Kwa vitu hivi postikadi nzima ndo mali.

Hiyo meli ni Hohenzollern, merikebu ya Kaisari Wilhelm wa pili, makoloni yote ya Mjerumani yalitumia mchoro huohuo wakibadili jina tu, Kamerun, Togo, Samoa na kwingineko. Hapa kwetu ilianza 1901 bei zikiwa kwa pesa na rupia, rupia moja pesa 64, halafu 1905 wakabadilisha hesabu rupia moja ikawa heller 100 na stempu zikachapwa upya kwa heller. Heller 4 ndo ilikuwa nauli ya postikadi, heller 7½ nyekundu ya barua ya kawaida mpaka Ujerumani, ndo maana hizo mbili zimejaa kuliko zote.

Sasa tazama muhuri. Chukua lenzi, isogeze kwenye mwanga wa dirishani, soma jina kwenye duara, tafuta na tarehe katikati. Uandike hapa majina unavyoyaona hata kama tahajia inakushangaza, maana waliandika kwa masikio yao, MUANZA, UDJIDJI, MOSCHI, ARUSCHA, KILOSSA, MPAPUA, SSONGEA. Na kuna sehemu walizipa majina yao wenyewe ambazo leo mtu akisoma hajui ni wapi: WILHELMSTHAL ni Lushoto, NEU-LANGENBURG ni Tukuyu, BISMARCKBURG ni Kasanga kule ziwa Tanganyika, WIEDHAFEN ni Manda ziwa Nyasa. Posta kama hizo barua zilikuwa chache, na chache zaidi zilizosalimika na mchwa na mvua.

BintiPangani

Inasomeka PANGANI, chini DEUTSCH-OSTAFRIKA, tarehe naona 1909 ila mwezi umefifia. Nyuma kuna maandishi ya mkono ya Kijerumani sielewi.

MtunzaBahasha

Safi sana dada. Pangani haikuwa posta ndogo kabisa kwaiyo usitegemee mamia, lakini ni kitu kizuri cha kuheshimu. Na hayo maandishi ya nyuma usiyafute, yanasaidia kuthibitisha kwamba kadi imesafiri kweli. Kama upande wa pili ni picha ya mji au soko au watu wa wakati huo basi kuna wanunuzi wa aina nyingine kabisa, wakusanyaji wa picha za zamani, wakati mwingine wanatoa zaidi ya watu wa stempu.

kitonga_wa_ilala

mkuu nimeingia eBay nimeona stempu ya mjerumani mtu anauza dola elfu 50, na mimi ninayo kabisa ileile rangi ileile, sasa unaposema senti kumi unatuvunja moyo

MtunzaBahasha

Ndugu yangu bei aliyoandika muuzaji ni ndoto yake, angalia zilizokwisha kuuzwa, pale kuna sehemu ya kuchuja uone zilizouzwa tu. Mtu yeyote anaweza kuweka tangazo la elfu 50.

Watu wa stempu za Ujerumani wanafuata katalogi ya Michel, ipo tangu 1910, na kila stempu ina namba yake humo. Ukisikia mtu anasema Michel namba fulani anamaanisha hiyo. Lakini hata bei ya Michel ni ya stempu isiyo na kasoro, na sokoni stempu ya kawaida inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya hiyo bei, robo au chini ya hapo ni jambo la kawaida kabisa. Ikiwa jino moja limekatika, au ina mkunjo, au nyuma karatasi imepungua unene kwa sababu mtu aliing'oa kwa nguvu, bei inashuka vibaya.

Zenye pesa kweli kweli zipo, sisemi hazipo. Ile nyeusi ya kreuzer 1 ya Bavaria, tarehe 1 Novemba 1849, ndo stempu ya kwanza ya nchi zote za Kijerumani, hiyo nzuri ni mamia ya euro na kuendelea. Stempu za Zeppelin, yaani za safari ya Amerika Kusini 1930, ya Ncha ya Kaskazini 1931 na ya Chicago 1933, hizo seti moja nzuri ni mamia pia, na wengi wanazipita kwa sababu zinaonekana za kawaida zina picha ya ndege puto tu. Seti ya tarumbeta ya posta ya Ujerumani Magharibi ya 1951 na 1952, ikiwa mpya na gundi haijaguswa ni pesa nzuri, zilizotumika ni za kuokota. Na ya juu kabisa ni ile ya Baden ya 1851, kreuzer 9, ilitakiwa ichapwe kwenye karatasi ya waridi wakachapa kwa makosa kwenye ile ya bluu-kijani iliyokuwa ya kreuzer 6, zinajulikana nne tu duniani, nyingine zikiwa juu ya barua zao, na 2021 moja iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 1. Unaona hata hapo, zilizoko kwenye barua hakuna aliyethubutu kuzibandua.

Mnyalu_77

Sasa hapo kwenye za mfumuko wa bei nimesoma mahali kwamba iliyotumika ni ghali kuliko mpya. Kawaida si mpya ndo ghali?

MtunzaBahasha

Swali zuri sana hili. Mwaka 1923 nauli ya barua ilikuwa inapanda karibu kila wiki, stempu inachapwa leo baada ya siku chache haitoshi hata kwa postikadi, kwaiyo zilibaki rundo kubwa mpya hazina kazi, na zilizowahi kubandikwa kwenye barua ya kweli kwa tarehe ya kweli ni chache. Ndo maana mpya haina bei na iliyotumika ina bei. Na palipo na hali hiyo walaghai hawakosi, wanachukua mpya wanaigonga muhuri wa kughushi. Stempu hizo bila alama ya mtaalamu wa chama cha Infla (cha wakusanyaji wa stempu hizo za mfumuko wa bei) usinunue kama iliyotumika.

Na za makoloni kuna ugonjwa huohuo. Baada ya vita serikali iliuza Berlin stempu zilizobaki, na kuna chapa za wakati wa vita ambazo hazikuwahi hata kufika koloni kwa sababu Mwingereza alifunga bahari. Mpya zimejaa, zenye muhuri wa kweli hazijajaa, basi mtu anatengeneza mhuri wa mpira nyumbani. Kipimo cha kwanza ni akili ya kawaida tu: stempu ya heller ikiwa na tarehe ya 1903 ni uongo, heller ilikuja 1905. Kingine, kwenye zile kubwa za rupia zenye meli kwa ubavu, hesabu matundu ya meno, 26 kwa upana na 17 kwa urefu ni za kabla ya vita, 25 kwa 17 ni za wakati wa vita, sasa ukiiona ya 25 kwa 17 ina muhuri wa 1907 umeshapata jibu.

Shekue_wa_Vuga

Mkuu mimi ni Msambaa, wazee wetu walituambia Vuga palikuwa na mtambo wa kuchapa wa wamisheni na wakati wa vita Mjerumani alichapisha stempu pale. Ni kweli au hadithi?

MtunzaBahasha

Ni kweli tupu mzee wangu, na nimefurahi sana umelitaja. Stempu zilikuwa zimeisha kwa sababu meli hazifiki, basi mwaka 1916 zikachapwa pale misheni ya kiinjili, katalogi zinaziita toleo la Wuga, heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Hazina meli wala picha ya maana, ni herufi za kupanga na nakshi za pembeni, ukiiona bila kujua unaweza kudhani ni lebo ya chupa. Lakini kabla hazijaanza kutumika sawasawa meli ya Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza ikatia nanga Sudi kule kusini mwezi Machi 1916 ikiwa na shehena ya vita na stempu za kawaida humo humo, hizi za Vuga zikawa hazihitajiki. Mzigo ukafukiwa ardhini adui asiupate, ukachimbuliwa baada ya vita ukapelekwa kuuzwa Ujerumani. Kwaiyo nyingi utakazoziona zina madoa ya unyevu na gundi imeharibika, hiyo ni kawaida yake haiondoi thamani sana, ila ukikutana nayo safi kupita kiasi ndo uitilie shaka. Mpya zipo sokoni, yenye muhuri wa kweli wa wakati ule ni adimu na bila cheti usitoe hela.

Buja_Kabondo

Kaka nakusoma toka Bujumbura. Huku kuna stempu za Kongo ya Mbelgiji zimegongwa RUANDA na nyingine URUNDI, hizo nazo tunaziweka kwenye kundi la Mjerumani?

MtunzaBahasha

Karibu sana ndugu. Hizo ni za uvamizi, 1916, Wabelgiji walipoingia Ruanda na Urundi wakagonga maandishi juu ya stempu zao za Kongo, wakatoa pia zingine zenye maandishi ya lugha mbili Kifaransa na Kiflemi zikisema Afrika Mashariki ya Kijerumani, uvamizi wa Mbelgiji. Katalogi nyingi zinaziweka kwa Mbelgiji ila kwa mtu anayekusanya historia ya eneo hili zinakaa ukurasa unaofuata. Na kama una barua yoyote ya kabla ya hapo yenye muhuri wa USUMBURA wa Mjerumani, hiyo tunza kuliko zote.

Upande wa Mwingereza kuna G.E.A. juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye Mfalme George wa tano, N.F. juu ya za Nyasaland, I.E.F. juu ya za India, hizi zote zilitumika na majeshi au maeneo yaliyotekwa. Na kuna za kisiwa cha Mafia, kilitekwa Januari 1915, wakagonga G.R. MAFIA juu ya stempu za Mjerumani walizozikuta. Hizo ni ghali mno na zimeghushiwa mno, maana kugonga herufi chache juu ya stempu ya bei ndogo hakuna ugumu wowote.

Mswahili_wa_Langoni

Maalim, sisi Lamu twaambiwa Mjerumani alikuwa na posta hapa kabla ya Daressalam. Stempu zake zilikuwa zimeandikwaje?

MtunzaBahasha

Hamjadanganywa. Posta ya Mjerumani Lamu ilifunguliwa Novemba 1888 kwa ajili ya mambo yao ya Witu, ile nchi ya sultani jirani na Lamu, ikafungwa Machi 1891. Daressalam na Bagamoyo ni Oktoba 1890, na Unguja pia walikuwa nayo toka 1890 mpaka katikati ya 1891. Stempu hazikuandikwa chochote cha Afrika, ni stempu za kawaida za Ujerumani kabisa, tai au tarakimu, pf 10, pf 20. Kinachoonyesha ni ya Lamu ni muhuri peke yake. Kwaiyo mtu anaweza kuwa nayo kwenye albamu kwenye rundo la Ujerumani hajui.

Hata 1893 walipoanza kugonga bei kwa pesa, jina la nchi halikuwekwa. Ni stempu ya Ujerumani imegongwa neno PESA katikati na tarakimu pande zote mbili, 2 kwa pf 3, 3 kwa pf 5, 5 kwa pf 10, 10 kwa pf 20, 25 kwa pf 50. Jina Deutsch-Ostafrika likiwa mshazari lilikuja 1896. Watu wengi wanaipita ya 1893 wakidhani ni stempu ya Ujerumani iliyochafuka wino.

Na kwa kuwa tumegusa 1890, ule mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa Julai 1 mwaka huo uliohusu Unguja na Witu ndo uliompa Mjerumani kisiwa cha Heligoland, na Heligoland nayo ilikuwa na stempu zake zenye kichwa cha Malkia Victoria, zilichapwa Berlin. Nzuri kwa macho sana, ila zilichapwa upya kwa wingi baadaye kwa ajili ya kuwauzia wakusanyaji tu, kwaiyo ukiletewa Heligoland mpya inang'aa chukulia ni marudio mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

kitonga_wa_ilala

huyo mtaalamu anapatikana wapi sasa na anachukua sh ngapi, maana kuna jamaa wa mtandaoni alinitaka nimtumie stempu kwa posta aniangalizie bure, nilimtumia mpaka leo simu haipatikani

MtunzaBahasha

Pole sana mkuu. Usitume stempu yenyewe kwa mtu usiyemjua, tuma picha kwanza, pande zote mbili. Kwa Ujerumani wataalamu wanaotambulika wako kwenye chama chao kinaitwa BPP, kipo tangu 1958, kila mmoja ana eneo lake, wa makoloni ni wa makoloni, wa Bavaria ni wa Bavaria. Wanagonga kijina kidogo nyuma ya stempu au wanatoa cheti chenye picha. Gharama ipo, na ya usafirishaji ipo, kwaiyo usipeleke kitu cha euro 20. Nyumba za minada kubwa wao ukiwatumia picha safi wanakupa makadirio ya awali bila malipo, na kama kitu kina maana wenyewe ndo wanakipeleka kwa mtaalamu.

BintiPangani

Kaka samahani narudi tena, nimepekua sanduku lote kuna bahasha moja kubwa ina stempu nne za meli tofauti tofauti na karatasi ndogo nyekundu yenye herufi R na namba. Nimeziweka zote kwenye mfuko wa plastiki wa sokoni zisiingie vumbi, sawa?

MtunzaBahasha

Toa kwenye plastiki sasa hivi dada, plastiki laini za hivyo zinatoa jasho na joto la Pwani zinagandisha wino na gundi. Weka katikati ya karatasi nyeupe safi, ndani ya boksi gumu, mahali pakavu, usizibane na pini wala rababendi. Hiyo R ni barua ya rejista, na jina la posta huwa limechapwa kwenye hicho kikaratasi chekundu pembeni ya namba. Piga picha mchana bila flashi, mbele yote na nyuma yote, maana nyuma ya barua ya rejista mara nyingi kuna muhuri wa posta ilikofikia. Ukiweka hapa nitakusomea njia yote iliyopita.